Titi la Kushoto

Kwetu mtu hupimwa urefu mara moja tu, naye akiwa hana habari. Wanaume huchukua kamba ya mgomba, wakaipitisha kutoka utosini hadi kisiginoni, wakaikata, wakaondoka nayo kwenda kuchimba kaburi. Hilo hata mtoto wa darasa la pili kule mlimani analijua. Mimi nina miaka arobaini na ushee, nimelelewa huko huko, na bado nilimpima mama yangu mdogo kwa kamba ya mgomba akiwa mzima, tena ananicheka. Kwa hiyo alipougua mwaka huu hakuna aliyejisumbua kuuliza ugonjwa umetoka wapi. Umetoka kwangu.

Siandiki ili nijitetee kuhusu hiyo kamba. Wala sibishani nao tena, waseme watakavyo. Nina jambo jingine ambalo kule mlimani hawalijui, na wangelijua wangeiacha kamba wakanishika kwa hilo. Mama mdogo bado yu hai ninapoandika, na kila simu ikiita moyo unanipasuka.

Kazi yangu ni kutengeneza miili ya watu kwa udongo. Sichongi, sichori. Najenga mwili kwa namna wanawake wa kwetu wanavyojenga chungu: unaviringisha udongo uwe kamba nene, unazungusha juu ya mwenzake, unashikamanisha kwa vidole, unapandisha taratibu, ndani wazi. Kiuno, kifua, shingo. Kisha unakwangua kwa kipande cha kibuyu, unaanika kivulini siku nyingi, unachoma kwa kuni. Mtu mzima namjenga vipande vitatu, na vikishaiva namsimamisha kipande juu ya kipande. Watu wakifika karakana yangu pale mjini, wakakuta viuno vimepangwa huku na vifua kule, wengine hawaingii. Muuza maji wangu huacha madumu mlangoni akaniita kwa mbali.

Sisi tunaohangaika na mwili wa binadamu siku hizi, kila mtu na lake. Mwenzangu mmoja anachora wanawake wasio na vichwa. Nilimwuliza, huyu anakula kwa wapi? Akaninunia mwezi mzima. Mwingine anaunganisha watu kwa ndala zilizokatika na nyaya za umeme, anasema mwili wa leo ni wa kuungaunga, na huyo namheshimu. Wengi wanachora Mmasai mwembamba mwenye shingo ndefu, kwa sababu mtalii anamtaka huyo. Mimi nilikuwa nawacheka wote. Nilikuwa na domo, nakiri. Nilisimama mbele za watu na kipaza sauti nikasema wasanii tumekuwa waongo, tunawafuta mama zetu makovu, tunawapa viuno ambavyo hawajawahi kuwa navyo. Nilisema mimi nafanya mwili ulivyo.

Mwaka jana nikaalikwa kupeleka kazi moja kwenye maonyesho Dar es Salaam. Mada ilikuwa mwili. Sikufikiri mara mbili, nikasema nitamfinyanga mama mdogo.

Mama mdogo ndiye mama yangu. Aliyenizaa, dada yake mkubwa, alifariki ningali nanyonya. Mama mdogo naye alikuwa na kichanga chake wakati huo, akatuweka wote wawili, mmoja kulia mmoja kushoto. Mwanawe, ambaye sasa yuko Kisaki na familia yake, alikuwa wa kulia. Mimi nilikuwa wa kushoto. Alipenda kunisimulia hilo akicheka, kwamba nilikuwa na pupa, na kwamba nikibadilishiwa upande nalia mpaka majirani wanakuja. Yeye ni mfinyanzi, na nusu ya milima ile inapikia vyungu vyake. Udongo alinifundisha yeye, kwa maneno machache na makofi mengi ya vidoleni.

Anaishi mbele ya Matombo, kule milima inakokaribiana. Matombo kwa Kiluguru ni matiti, kwa ajili ya vilima viwili vilivyosimama pale, na watu hulitaja jina hilo msikitini, kanisani na shuleni bila haya yoyote. Lakini titi la mtu mwenyewe halitajwi. Mama akimvulia mwanawe kifua, basi ujue ni ugomvi mkubwa, anamwambia hili ndilo ulilonyonya na radhi yangu hupati. Kwa hiyo nilipanda kule nimejiandaa kutukanwa.

Nilimkuta jikoni anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo, huko mjini hamli?"

"Tunakula, mama. Nimekuja na ombi. Nataka kukufinyanga."

"Kunifinyanga mimi? Kwani mimi chungu?" Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Halafu akanitazama. "Mpaka nivue?"

Nilimwambia si lazima, atajifunga kanga, mabega yanatosha. Alirudi kwenye maharage yake, akatupa vijiwe viwili vitatu nje ya mlango. Nikadhani nimemuudhi.

"Nitavua," akasema. "Ndani ya kanga utaona nini? Nitavua, lakini uangalie vizuri."

Mwanamke huyu hajawahi kufungua kichwa mbele ya kaka yake. Nilipaswa kushangaa, nilipaswa kumwuliza kulikoni. Badala yake nilifurahi, nikamshukuru, nikaanza kupanga kazi kichwani. Pumbavu mimi.

Kesho yake asubuhi ndipo ilipokuja habari ya kamba. Udongo ukikauka hupungua, kwa hiyo ni lazima nijue urefu wa mtu ili nizidishe kidogo. Futi yangu niliisahau mjini. Nikatoka nje, nikachuna kamba kwenye mgomba wa karibu na choo, nikamwambia mama mdogo alale kwenye mkeka anyooke. Alijilaza akicheka, akafunga macho, akasema, "Haya, nizikeni." Nikaanza kuipitisha kamba. Ukungu ulikuwa umeshuka umejaa uani na ndani mlikuwa na giza kidogo. Nilipofika kisiginoni nikapiga fundo, nikainua kichwa, nikamwona mke wa mjomba amesimama mlangoni. Alikuja kurudisha ungo. Hakubisha hodi, hakusalimia. Alinitazama mimi, akaitazama kamba, akamtazama mama mdogo aliyelala chali amefumba macho, akageuka akaondoka na ungo wetu kichwani.

Mama mdogo alinyanyuka. Hakucheka tena. "Umefanya nini wewe mtoto?" aliniuliza, lakini kwa sauti ya chini, na hakungoja jibu. Kamba nikaitundika msumarini nyuma ya mlango, nikasahau kuondoka nayo.

Alinikalia asubuhi tatu, kwenye kigoda, kanga kiunoni, mgongo wazi na baridi ile ya mlimani, nami kila asubuhi nikimpiga picha kwa simu kabla ya kushika udongo. Nilimfinyanga kwa adabu. Niliweka kovu la begani alilolipata kwa kubeba kuni. Niliweka mikunjo ya tumbo yote, hata ule mmoja unaopinda. Niliweka mfupa wa shingo unaotokeza na mishipa ya mikononi. Kila mara akisema, "Umeangalia vizuri?" nami namjibu, "Nimeangalia, mama, tulia." Nilidhani ananitania.

Siku ya tatu nikafika kwenye matiti. La kulia lilikuwa limelala kama yalivyo ya wanawake wa umri wake. La kushoto lilikuwa na kibonyeo chini ya chuchu, kama mtu aliyebonyeza unga uliokandwa kwa kidole gumba akaacha. Chuchu yenyewe imevutwa ndani. Ngozi ya pale ilikuwa na vitundu vitundu, kama ganda la chungwa.

Niliona. Nataka hilo lieleweke. Niliona, na nikakifinyanga hivyo hivyo, nikabonyeza gumba langu kwenye udongo pale pale kilipokuwa. Kisha nikarudi nyuma hatua tatu nitazame, na kikaonekana kama kosa langu. Mtu yeyote angesema fundi ameteleza mkono. Tena mama mdogo mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba pasipo sawa kwenye chungu ndipo ufa unapoanzia motoni, na kwa hilo alinipiga sana. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Chini yake kulikuwa na nyingine: niliogopa. Niliogopa kumwuliza mama yangu kuhusu titi lake, na niliogopa zaidi angejibu nini. Nikajiambia uzee huo, miili yote ya wazee ina mambo. Nikachukua kidonge cha udongo kisichozidi punje ya haragwe, nikakiloweka, nikaziba, nikasawazisha kwa kibuyu. Haikuchukua hata dakika.

Mama mdogo akainuka, akajifunga kanga kifuani, akaja kutazama. Alilizunguka lile sanamu polepole. Aliweka kiganja juu ya titi la kushoto la udongo, akapapasa, akarudia, akabonyeza kidogo kama mtu anayechagua embe sokoni. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema, "Alhamdulillah," na macho yake yakajaa machozi.

Mimi nikadhani ameisifu kazi. Siku ile alichinja kuku, akapika wali wa nazi, akaimba jikoni nyimbo za harusi ambazo sijamsikia akiimba tangu nikiwa msichana. Vipande vilipokauka nilishuka navyo mjini nimejaa sifa.

Sanamu lilichomwa bila ufa hata mmoja. Dar es Salaam watu walilizunguka, wengine wakapiga nalo picha. Dada mmoja alisimama mbele yake akalia, akaniambia amemwona mama yake. Nikapewa kipaza sauti nikaongea tena habari zangu za mwili ulivyo, za kutofuta chochote, na watu wakapiga makofi. Nami nilipokea makofi yale vizuri tu, bila kuona aibu.

Miezi sita baadaye mjomba alinipigia simu. Ni kaka mkubwa wa mama mdogo, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo. Hakujibu salamu yangu. "Njoo uone kazi yako," akasema, akakata.

Nilipofika walikuwa wameketi kwenye mkeka uani, mjomba, mkewe, na wazee wengine wa ukoo. Katikati ya mkeka ilikuwepo ile kamba ya mgomba, imekauka imekuwa rangi ya kahawa, na fundo langu mwishoni. Mke wa mjomba alikuwa ameitoa msumarini kwa kutumia kijiti. Hakutaka kuigusa.

"Hii ni ya nani?" mjomba akauliza.

"Ni yangu, mjomba."

"Ulimpima nani?"

"Nilimpima mama, kwa ajili ya kazi."

"Kazi." Alilirudia neno hilo akitikisa kichwa. "Unatengeneza watu wasio na roho, siku ya Kiyama utaambiwa uwatie roho utaiweza? Na huyu uliyempima akiwa hai, roho yake uliiahidi wapi?"

Mkewe akadakia, "Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi niliona kwa macho yangu, nikasema huyu amekwisha."

Nilitaka kumjibu vibaya, na nina uwezo huo. Lakini upepo uligeuka ukaleta harufu kutoka chumbani. Ni harufu ambayo ukishainusa huisahau. Nikawaacha na kamba yao nikaingia ndani.

Mama mdogo alikuwa kitandani, amefunikwa hadi shingoni, mashavu yamebonyea. Nilifunua. Juu ya titi la kushoto walikuwa wamebandika majani yaliyopondwa, na chini ya majani palikuwa pamechimbika kidonda. Chini ya kwapa palikuwa na uvimbe mgumu. Nilimfunika. Nikakaa sakafuni, kwa sababu nilipajua mahali pale. Palikuwa pale pale nilipoziba.

Nikatoka nje kama mwendawazimu. "Hospitali mmempeleka?" Wakaitazama kamba. "Nauliza, hospitali amekwenda?" Mjomba akasema ugonjwa wa kutupiwa haupelekwi hospitali, kwanza nifungue fundo mbele ya watu, nitubu, kisha sheikh asome. Nikafungua fundo lao. Nikatubu. Nikasema chochote walichotaka niseme, maana kila neno lilikuwa linanipunguzia jambo jingine ambalo hawakuniuliza. Nawaambieni kweli, nilifurahi kushitakiwa kwa kamba. Nilitamani iwe kamba kweli.

Asubuhi nilimshusha mjini kwenye gari la mboga, amelala juu ya godoro katikati ya matenga ya karoti. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Aliosha mikono, akampima kwa muda mrefu, akapapasa kwapani, shingoni, tumboni. Kisha akauliza, "Mmekaa na tatizo hili muda gani?"

Nikajibu mimi. "Si muda mrefu, dokta. Ni juzi juzi tu."

Daktari alinitazama. "Hili si la juzi, dada. Hili mngeliona mwaka jana, hata kwa macho tu." Alisema watachukua kinyama wakapime, na kwamba tujiandae kwenda Dar es Salaam.

Nilitoka nje ya chumba, nikafungua simu. Picha za zile asubuhi tatu nilikuwa nazo zote. Sikuhitaji hata kuzikuza. Kibonyeo kilikuwepo, kidogo, safi, bila kidonda, ngozi bado nzima juu yake.

Siku ya majibu tulifika mapema, tukakaa kwenye benchi la korido pamoja na wanawake wengine. Mama mdogo alikuwa amevaa kanga mpya nilizomnunulia. Alitulia, ameshika kadi yake ya hospitali kwa mikono miwili. Bila kunitazama akasema:

"Mjomba wako anakuonea kwa ile kamba. Msamehe. Mimi nilijijua kabla hujaja."

"Ulijijua nini, mama?"

"Kwamba nina kitu. Tangu mfungo wa Ramadhani ya mwaka jana, nilikikuta nikioga. Sasa nimwambie nani? Nimwambie kaka yangu habari ya titi? Mkewe ndiyo usiseme, kijiji kizima kingejua kabla ya adhuhuri. Wewe kukupigia simu, kila nikishika simu mdomo unakuwa mzito. Ndipo ukaja na maneno yako ya kunifinyanga. Nikasema Mungu amenijibu. Huyu kazi yake ni kutazama watu, nitavua, ataona, ataniuliza, na akiniuliza nitasema."

Nikaitazama ile kadi mikononi mwake.

"Siku tatu nakaa na baridi ile nasubiri uniulize. Halafu nikainuka, nikaliona titi limekaa sawa, halina kitu. Nikalipapasa. Nikasema, kumbe nimejitia hofu ya bure, mzee mimi. Mwanangu ana macho ya kazi, kama kingekuwepo angekiweka. Nikamshukuru Mungu." Aligeuza kadi, akaigeuza tena. "Hata maumivu yalipoanza nilikuwa najiambia hivyo. Nasema hapana, yule aliangalia vizuri, hakuona kitu."

Alikuwa amenifungulia mlango. Alidhani sikuona, na asiyeona hana kosa. Ningeweza kulia tu, akanibembeleza, mambo yakaisha hapo mimi na yeye.

"Niliona, mama," nikasema.

"Uliona nini?"

"Kibonyeo. Nilikiona, nikakiweka. Halafu nikakiziba."

Alinigeukia. Nilitegemea hasira, nilitegemea aniambie radhi zake sina, na ningeipokea. Alinitazama tu, uso mzima, kwa utulivu, bila kupepesa, mpaka nikainamisha kichwa.

"Ukakiziba," akasema.

Nesi akatokea mlangoni akaita jina lake. Nilisimama haraka nimshike mkono, maana alikuwa hawezi kutembea vizuri.

"Kaa," akaniambia.

Akajifunga kanga yake upya, akashika ukuta, akaingia kwa daktari peke yake.